Ratiba ya Mgeni wa Miaka Saba

Mwezi wa sita mwaka jana nilipika kuliko nilivyowahi kupika tangu niolewe, na aliyenenepa ni mume wangu.

Nilikuwa nampikia mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka saba, aliyeletwa kijijini kwetu Ipyana, Kyela, kwa likizo ili ale. Sisemi apumzike, wala awaone bibi na babu. Aliletwa ale. Alikuwa ameugua taifodi huko Mbeya, akapona, lakini mwili haukurudi. Daktari alimwambia mama yake kwamba dawa zimeshafanya kazi yake, kilichobaki ni chakula, na kama mtoto hataongezeka mpaka shule zifunguliwe basi itabidi alazwe tena aanze kuchunguzwa upya. Mama yake ni binti yangu. Anafanya biashara ya vitenge na sabuni, anakwenda Karonga, Malawi, na kurudi, hana siku mbili mfululizo za kukaa karibu na jiko. Walikuwa wakiishi kwa binamu yake, ambaye mtoto humwita mama mkubwa, tangu ndoa yake ilipovunjika. Kwa nini aliamua kukaa kule na si kwangu, sikuwa nimeuliza.

"Mama," aliniambia kwenye simu, "wewe ndiye unayejua kulisha."

Nilifurahi, sitaficha. Huku mchele ukiiva, harufu yake inafika nyumba ya tatu. Maparachichi yanaanguka yanaozea chini, ndizi hatununui, na samaki wanaletwa kwa pikipiki kutoka ziwani Ngonga wakiwa bado wanateleza. Isitoshe, nimefundisha sayansi kimu shule ya msingi kwa miaka mingi. Nimechora makundi ya vyakula ubaoni mpaka chaki ikaniachia kikohozi ambacho ninacho hadi leo. Kama kuna mtu aliyestahili kukabidhiwa mtoto aliyekonda, niliona ni mimi. Kiburi hicho kilinichosha kuliko kazi yenyewe.

Nilikwenda kumpokea stendi ya Kyela peke yangu, maana mume wangu ana kiuno kibovu na hapendi bajaji. Walishuka, mtoto na mama yake, na mtoto alikuwa amekonda kuliko nilivyoambiwa. Shingo ilikuwa imebaki kamba tupu. Nikashtuka, na mimi nikishtuka huwa natania.

Tena huku kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenzangu, tunagombania mume mmoja, na mume huyo ni yule mzee wa kiuno kibovu. Mtoto aliyekulia huku anajua cha kujibu hata kabla hajang'oka meno ya mbele: atakwambia wewe umeshazeeka, babu hakutaki, funga mizigo urudi kwenu. Mnacheka, mnashikana mikono, mambo yanakwenda. Basi nikafanya kama inavyofanywa.

"Hee, mke mwenza!" nikasema kwa sauti yangu ya darasani. "Umekuja kunimalizia chakula cha mume wangu? Basi ujue wali wa nyumba ile una mwenyewe. Hali mtu mpaka nipende mimi!"

Dereva wa bajaji alicheka mpaka akainamia usukani. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akamwambia mtoto, "Mjibu huyo bibi kizee, usimwogope!" Mtoto aliangalia viatu vyake, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, bibi." Binti yangu alicheka nusu, akatazama simu, akasema gari la Kasumulu, mpakani, linaondoka. Akamkumbatia mwanawe, akapanda. Hakufika nyumbani hata kunywa maji. Nikajisemea mtoto wa mjini hajui utani, atajifunza.

Mchana ule nilipakua wali na kuku. Alikula vijiko vitatu, akaweka kijiko, akasema, "Nimeshiba, asante bibi." Jioni vijiko vitatu. Asubuhi uji, mara tatu mdomoni, asante bibi. Alisema kwa adabu ambayo ningempa alama zote darasani, na sahani ilibaki kama nilivyoipakua.

Nilichoelewa ni kwamba chakula changu hakimpendezi. Ndivyo mwalimu anavyofikiri: mwanafunzi asipoelewa, badilisha zana. Nikachukua kalenda ya zamani, nikaigeuza nyuma, nikapiga mistari kwa rula na kuandika ratiba ya wiki nzima kwa kalamu ya wino mwekundu. Jumatatu uji wa mchele na karanga za kusaga, mchana ndizi za nazi, usiku tambi. Jumanne na Ijumaa vitumbua. Jumatano chipsi mayai, ambazo binti yangu aliniambia kwenye simu kwamba mtoto anazipenda sana. Kila mlo ulikuwa na kundi lake la chakula pembeni, na sehemu ya kuweka alama ya vema akimaliza. Nikaibandika ukutani jikoni kwa ugali.

Kwa wiki mbili niliamka kabla ya jogoo wangu, ambaye naye si mvivu. Ilikuwa msimu wa kuvuna mpunga. Kuna vibarua shambani wanaotaka chai yao, kuna mpunga wa kuanika, kuna mume anayeuliza soksi ziko wapi, na katikati ya hayo yote mimi niko jikoni nachonga karoti iwe ua. Nilijaza wali kwenye kikombe na kuupindua sahanini ukatoka mlima, nikauwekea macho ya njegere. Nilikaanga usipa, dagaa wa ziwani kwetu, mpaka wakawa wanavunjika kama biskuti. Nilikwenda Kyela mjini kutafuta soseji, nikakuta umeme umekatika tangu jana yake na muuzaji ananihakikishia kwamba bado ni nzima, nikainusa, nikamrudishia. Hata kakao, ambayo sisi tunaivunja, tunaivundika, tunaianika na kuipeleka mnadani bila kuionja, niliikaanga, nikaitwanga kwenye kinu na kumchemshia na maziwa. Mkono ulioshika mchi uliniuma siku mbili. Alikunywa nusu kikombe, akakiweka, asante bibi.

Vilivyobaki alikula mume wangu. Yeye ni mtu wa ndizi na maharage tangu azaliwe, lakini alikula tambi, alikula chipsi mayai, alikula mlima wa wali pamoja na macho yake. "Chakula kisitupwe," alikuwa akisema huku anavuta sahani ya mtoto. Mwisho wa wiki ya pili alifungua tundu la mwisho la mkanda. Kwenye ratiba yangu hakukuwa na alama ya vema hata moja, na nilishaanza kuichukia ile kalenda kila nikiingia jikoni.

Watu walinishauri. Mpe dawa ya minyoo, nilimpa. Mpe limao kabla ya chakula, nilimpa. Jirani yangu alisema watoto wa siku hizi dawa yao ni fimbo, nikamwambia aende akamchape mbuzi wake. Binti yangu naye alipiga simu kila alipopata mtandao, swali lake moja tu.

"Anakula?"

"Anakula vizuri," nilijibu. Nilidanganya kila siku kwa wiki mbili na siku kadhaa. Nilijiambia mtu yuko safarini, ana mizigo na maaskari wa mpakani, hana haja ya kuongezewa wasiwasi. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mtoto anadhoofu Kyela, tena jikoni kwa mwalimu wa sayansi kimu, ningemwambia nani?

Wiki ya tatu, asubuhi ya Alhamisi, tulikuwa tumeanika mpunga uani kwenye turubai. Nilimpa mtoto kijiti afukuze kuku, kazi ambayo aliipenda. Mimi nilikuwa dirishani jikoni nakanda unga wa chapati, nikamwona ameinama. Alikuwa anaokota punje kwenye udongo, nje ya ukingo wa turubai, zile ambazo zinaruka wakati wa kumwaga na ambazo kuku wanazila. Alizifikicha, akazimenya kwa meno moja moja, akatafuna. Kisha akaokota nyingine. Alifanya haraka, kama mtu aliyezoea.

Nilitoka na mikono yenye unga.

"Unatafuna nini?"

Aliruka. Akatema vyote kwenye kiganja, akaninyooshea nione. "Hizi zilikuwa chini, bibi. Za kwenye turubai sijagusa."

"Nani kakwambia usiguse za kwenye turubai?"

"Ni zako na babu."

"Na wali ninaokupakulia mezani ni wa nani?"

Alifikiri. Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele yake na unga unaanza kukauka kwenye vidole. "Ni wako," akasema. "Ulisema stendi. Mtu hali mpaka upende. Mimi nakula kidogo ili usichukie."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vijiko vitatu. Kwa mama mkubwa ukila vitatu hakuna anayekasirika. Vinne anaanza kukuangalia."

Nilisikia aibu. Nasema aibu, si huruma. Huruma ilikuja baadaye, nilipokwisha kukaa chini. Mtoto alikuwa na njaa siku zote zile. Nilikuwa nimemchongea karoti maua na kumzungusha dunia nzima ya mapishi, naye alikuwa anataka wali ule ule wa siku ya kwanza, ila hakuwa na ruhusa. Aliyemnyima ruhusa nilikuwa mimi, mbele ya stendi nzima, nikicheka.

Nilimkalisha kwenye kigoda nikamfundisha utani. Nilifundisha kama somo, mwanzo mpaka mwisho: mtani ni nani, kwa nini bibi humwita mjukuu mke mwenza, unajibu nini, kwamba maneno yale maana yake ni karibu. Alisikiliza vizuri sana. Nilipouliza kama ameelewa alisema ameelewa.

"Kwa hiyo sasa utakula?"

"Sawa, bibi."

Mchana alikula vijiko vitano. Nilimtazama na nikajua kwamba viwili vile vya juu vilikuwa vya kunitii, havikuwa vya njaa.

Jioni, jua likiwa bado lipo, nilikwenda kusimama kwenye migomba ambako mtandao unashika, nikampigia binti yangu. Nilimwambia yote, pamoja na uongo wangu wa wiki mbili.

"Kule Mbeya kwa dada hakukuwa na utani, mama," akasema. "Alikuwa anaambiwa kweli. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nasikia, natazama sahani yangu."

Nikakasirika. Hasira yangu huwa inatafuta mtu wa karibu. "Sasa kwa nini mkae kwa mtu anayewahesabia vijiko? Nyumba hii si ipo? Kwa nini hukurudi?"

"Nilirudi."

"Lini?"

"Nilirudi na begi langu na mtoto mgongoni. Ukanikuta mlangoni, ukaniambia chumba changu umewapa kuku."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwona anakuja njiani na moyo wangu ukaruka kwa furaha, kwa sababu nilishachoka kusikia habari za yule mume wake. Na mimi furaha sijui kuisema. Kabla sijampokea begi nikasema hivyo: Umerudi? Mbona chumba chako nimeshawapa kuku? Alicheka. Alilala sebuleni siku mbili, ya tatu akaondoka kwenda Mbeya, na mimi nikawaambia watu kwamba binti yangu ana maringo. Utani wa mama na binti haupo, hata huku kwetu. Ule haukuwa desturi ya mtu yeyote. Ulikuwa mdomo wangu tu.

"Nilikuwa natania," nikamwambia.

"Najua ulikuwa unatania, mama. Lakini kuku alikuwemo."

Ni kweli alikuwemo. Alikuwa analalia mayai chini ya kitanda chake.

Kesho yake sikuamka. Sikuwa na homa. Magoti yalikuwa yamevimba, na mwili wote ulikataa. Nilijaribu kushusha miguu nikairudisha. Nilisikia vibarua wakiuliza chai na mume wangu akiwajibu kwamba mama anaumwa, waende wakanunue maandazi. Yeye mwenyewe hajawahi kuwasha jiko katika maisha yake, na sikutegemea aanze siku ile. Saa nne hivi mtoto alikuja akasimama mlangoni mwa chumba.

"Bibi, leo ratiba inasema vitumbua."

"Ratiba imekwisha," nikamwambia. "Na mimi nimekwisha. Leo anayetaka kula humu ndani apike."

Natamani kuandika kwamba nilipanga, kwamba yule mwalimu ndani yangu alikuwa ameona njia. Sikupanga kitu. Nilikuwa nimechoka na nilitaka mtoto aondoke mlangoni nilie kidogo. Lakini hakuondoka.

"Niweke vikombe vingapi vya mchele?"

"Unavyotaka wewe."

Nilimsikia akipeta. Nilimsikia akimwita babu yake amwashie moto, na yule mzee, ambaye kwangu hajawahi, nikamsikia anapuliza na kukohoa. Maji yalimwagika. Kifuniko kilianguka mara mbili. Baadaye akaniletea sahani kitandani, ameishika kwa mikono yote miwili. Wali ulikuwa bokoboko, chumvi hakuna, na juu yake parachichi limekatwa vipande visivyolingana. Kwa Kyela, wali wa namna ile mtu angeusema mpaka kanisani. Mimi niliula wote.

Kupitia ukutani nilimsikia mume wangu naye akila, polepole, kama anavyokula. Alipomaliza alimshukuru mpishi kwa Kinyakyusa, kwa heshima zote, jinsi anavyomshukuru mwanamke mwenye nyumba anapotembelea kwa watu. "Ndaga fijo, mama. Ndaga fijo."

Halafu nikasikia kijiko cha mtoto kinagonga sahani, na kikaendelea kugonga, na baadaye kikakwangua ukoko sufuriani kwa muda mrefu. Nikageukia ukutani nikalia kile kilio changu.

Tangu siku ile tulipika wote, na asidhani mtu kwamba hapo nilipumzika. Kupika na mtoto wa miaka saba ni kazi mara mbili: unga uko mpaka kwenye nywele, yai moja linaingia bakulini na moja linaingia kwenye kiatu. Lakini alichopika alikula, na alijipakulia mwenyewe bila kunitazama. Nilichopika peke yangu akiwa amelala, alikula kidogo na kushukuru. Basi nikaacha kupika peke yangu. Nilikuwa namsubiri aamke, hata kama vibarua wananuna. Siku za mwisho za likizo tulimpeleka zahanati kupima uzito, na mshale ulikuwa umesogea. Haukusogea sana, ila nesi aliandika, akanirudishia kadi, akasema kulazwa hakuna haja, mtoto arudi tu shuleni.

Binti yangu akapiga simu kupanga namna ya kumchukua. Alitaka nimpeleke mtoto mpaka njia panda, amchukue akitoka Kasumulu, gari lisimame dakika moja tu. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia, na kwa mara ya kwanza sikulipata haraka. Mtoto akaichukua simu mkononi mwangu.

"Mama, njoo mpaka nyumbani," akasema. "Jumamosi napika mimi. Njoo ule." Akasikiliza. "Hapana, hatakusema. Chakula si cha bibi, nimepika mimi. Wewe njoo tu, nitakaa hapo hapo karibu yako."

Hakunong'ona. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, naye aliongea kama watu wanavyoongea habari za mbwa wa jirani mbele ya jirani mwenyewe, kumtuliza mgeni kwamba haumi.

Jumamosi alikuja. Nilimwona anakuja njiani, moyo ukaruka kama kawaida yake, na neno la utani likawa limeshafika kwenye ulimi. Nikaliacha hapo. Nikasema, "Karibu, mwanangu," na nikampokea begi. Alikaa mkekani, akakunja miguu. Mtoto alileta jagi la maji na bakuli la kunawia, akapiga goti mbele ya mama yake. Nilikuwa nimekaa upande wa pili, mikono mapajani, nimefunga mdomo. Binti yangu hakunyoosha mikono. Alimtazama mwanawe.

"Nawa, mama," mtoto akamwambia, ndipo akanawa.